Macho Mawili ya Kemilembe

Mume wangu Mujuni alikuwa na jicho moja. La kulia lilichomwa na kijiti cha mbuni alipokuwa mtoto, akimsaidia babu yake kuchuma kahawa, likabaki jeupe kama utando wa ndani wa ganda la yai. Hakulionea aibu. Watu wakimuuliza mtu wa jicho moja anawezaje kupiga picha, aliwajibu, "Ninyi mkishika kamera lazima kwanza mfumbe moja. Mimi langu limeshafumbwa, nawatangulia."

Tulikaa Rwamishenye, kando ya barabara iteremkayo kwenda Bukoba mjini. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia picha, kina kiti kimoja cha mikono, pazia la kijani, na meza yenye maua ya karatasi. Nyuma kulikuwa na ghala dogo lisilo na dirisha, na ndani yake taa ya chemli iliyofungwa kitambaa chekundu. Humo ndimo alimosafishia filamu. Kamera ilikuwa moja tu, ya kukunja. Yeye alipiga na kusafisha. Mimi nilisuuza picha katika maji niliyoyachuja mara mbili kwa kitambaa, nikazianika kwa vibanio, zikikauka nikazikata kingo. Shule niliishia darasa la nne kwa masista, lakini mkono wangu wa mkasi ulikuwa umenyooka kuliko wa fundi cherehani. Mujuni alisema hivyo mwenyewe, tena mbele ya wateja. Nilikuwa nikijisikia vizuri sana akisema hivyo.

Yote yalianzia Kahororo, nyumbani kwa Mwalimu Kagaruki. Huyu alikuwa mzee wa Kilutheri aliyefundisha miaka mingi, na mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia sanduku la kutazamia picha. Lilikuwa la mbao, kimo cha mkate, lina lenzi mbili upande mmoja kama miwani, na upande wa pili pa kuchomeka kadi. Kila kadi ilikuwa na picha mbili za kitu kile kile, zimebandikwa sambamba. Ukiziangalia mkononi huoni tofauti. Ukitia macho kwenye lenzi, zile mbili zinakuwa moja, na mtu anasimama mbali na ukuta ulio nyuma yake, hata unadhani ungeweza kupitisha mkono katikati. Sisi tukaziita picha za kusimama. Picha ya kawaida tukaiita iliyolala.

Mujuni alitia uso wake kwenye lenzi siku ile akakaa nao muda mrefu. Aliona picha iliyolala tu. Jicho moja haliwezi kuunganisha kitu, linaona upande wake basi. Lakini alisikia wageni wa Mwalimu wakisema, "Tazama, nguzo iko mbele, yule mwanamke yuko nyuma ya nguzo," na njia nzima ya kurudi Rwamishenye alitembea mbele yangu kwa haraka. Tulipofika alisema, "Mama Benigna, nitatengeneza hizo."

"Wewe?" nikamwambia. "Na hutaziona?"

"Utaniangalizia wewe."

Nataka mfahamu neno hilo lilinifanya nini. Niliolewa nikiwa mgeni mjini, kutoka Buganguzi kule Muleba, binti wa Karugendo mkulima wa migomba, na hapa mtu wa kamera ananiambia macho yangu ndiyo yatakuwa yake. Nilimbeba Benigna mgongoni wiki nzima bila kuhisi uzito.

Kamera ya kupiga picha za namna ile ina lenzi mbili, nayo hatukuwa nayo. Mujuni alianza na ubao. Aliupigilia juu ya miguu mitatu ya kamera, akaweka kamera mwisho wa kushoto, akapiga. Akaisogeza kulia kiasi cha nafasi iliyopo kati ya jicho na jicho la mtu, akapiga tena. Kwa mti wa mbuni njia hiyo ilifaa. Kwa watu haikufaa hata kidogo, maana kati ya picha ya kwanza na ya pili mtu ameshapumua, ameshageuza shingo, ng'ombe ameshapunga mkia.

Ndipo akaja na vioo. Alinunua kioo cha kunyolea ndevu, akakikata vipande vinne, viwili vikubwa na viwili vidogo. Rangi ya nyuma aliitoa kwa spiriti na pamba, polepole, asikwaruze ile fedha iliyo chini yake, kwa sababu alitaka kutumia upande huo. Upande wa mbele ulikuwa unaleta kivuli cha pili. Kisha akatengeneza kijisanduku cha kukaa mbele ya lenzi. Vile vioo vidogo viwili vilikaa katikati vikikutana kama paa la nyumba lililolazwa, mgongo wa paa ukiielekea kamera. Vikubwa vilikaa pembeni, kimoja kushoto, kimoja kulia, vikitazama mbele. Kioo kikubwa cha kushoto kilimwona mtu kutoka kushoto, kikampa kidogo, kidogo kikaipa kamera. Cha kulia vivyo hivyo. Kwa hiyo ukibonyeza mara moja tu, filamu moja inapata picha mbili, kila moja nusu, kwa wakati ule ule. Mtu apumue apendavyo.

Kazi yangu ilikuwa kuzikata zile nusu na kuzibandika kwenye kadi zikiwa zimeachana kwa nafasi ya macho. Ili nisichanganye, Mujuni alitoboa tundu la sindano pembeni mwa nusu ya kushoto.

Kadi ya kwanza tuliipeleka Kahororo Jumapili mchana. Mwalimu alikuwa nje na wageni. Mujuni alichomeka kadi, akanipa sanduku, akasimama mbele yangu mikono nyuma kama mtoto anayengoja majibu ya mtihani.

Nilitazama. Niliona watu wawili, mmoja juu kidogo ya mwenzake, wanasogeleana na kuachana, mpaka machozi yakanitoka. Nikainua uso nikamwona anavyoningoja. Miezi minne alikuwa amekata vioo, vidole vyake vina makovu. Nikasema, "Imesimama."

"Kweli?"

"Imesimama vizuri sana, Baba Benigna."

Nikaendelea hivyo kadi ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Kila alichonipa kilikuwa kimesimama.

Desemba ile shule zilifungwa, na binti wa Mwalimu, Kemilembe, alirudi nyumbani. Naye alikuwa mwalimu wa wasichana, umri wake karibu na wangu, hajaolewa, na hakuwa na haraka. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, anavaa viatu vya kamba hata nyumbani. Alikuwa ametazama picha kwa sanduku lile tangu utotoni. Mujuni alimpa kadi zote saba kwa furaha, mbele ya baba yake na watu wengine watatu wa kanisani kwao. Kemilembe alitazama moja, akaichomoa. Akatazama nyingine.

"Waitu," alimwambia Mujuni kwa heshima, "hapa kuna watu wawili wawili. Mmoja yuko juu, mmoja chini. Kioo kimoja kimelala vibaya."

"Zote?"

"Zote. Nani alikwambia zimesimama?"

Mujuni hakunitazama. Alisema, "Mke wangu," kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kusema mvua imenyesha. Mzee mmoja alicheka, akasema labda mama wa Rwamishenye hutazama kwa masikio. Wote wakacheka. Kemilembe hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi.

Njiani nilimwambia nilitaka kumtia moyo. Alijibu, "Moyo ninao. Nilikuwa nimekosa jicho."

Mwalimu Kagaruki hakuruhusu sanduku litoke Kahororo isipokuwa mkononi mwa binti yake. Basi Kemilembe akaanza kuja kwetu kila Jumatano na Jumamosi, sanduku amelifunga kwenye kitambaa cheupe. Alikaa kwenye kigoda changu, karibu na mlango penye mwanga. Mujuni alichutama mbele yake na kijisanduku cha vioo mapajani, bisibisi mkononi.

"Cha kushoto kipandishe," Kemilembe anasema.

"Hivi?"

"Kidogo tena. Unywele mmoja."

Mimi niko uani namenya ebitoke, ndizi za kupika, nasikia. Unywele mmoja. Walikuwa na lugha yao. Alikuwa akisema "pua imetoka lakini masikio hayajarudi," na Mujuni akaelewa, akakimbilia kuzungusha skrubu. Alimuuliza mambo ambayo hajawahi kuniuliza mimi: kati ya mkono na kifua pana nafasi gani, nguo inaonekana nzito au nyepesi. Naye alimjibu taratibu, amefumba macho kukumbuka. Jumamosi ya pili kadi ilisimama kweli. Niliitazama mwenyewe, na ilikuwa picha yangu, nimekaa na Benigna. Mkono wangu ulikuwa mbele kabisa, karibu unipige usoni. Nikawaza: hata mimi mwenyewe, huyu mwanamke ndiye aliyemwonyesha.

Jirani yangu Jovitha, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alinikuta kisimani. "Ma Anatolia, nasikia mume wako amepata jicho la pili."

"Ni mambo ya kazi."

"Ndiyo, kazi. Na jicho lenyewe lina shingo ndefu." Akajitwika ndoo yake. "Mimi ningelitoboa."

Kisha senene wakaja. Mnajua zamani kwetu mwanamke aliwakamata senene kwa ajili ya mumewe, yeye mwenyewe hawali. Niliamka alfajiri na wenzangu, tukazunguka nyasini kwenye umande, nikarudi na kikapu. Nikawanyonyoa mabawa na miguu, nikawakaanga kwa mafuta yao na chumvi, nikamwekea Mujuni katika kikapu kipya nilichosuka mwenyewe, kina mfuniko. Ilikuwa Jumamosi. Alikifungua, akachukua kiganja kimoja, akamnyoshea Kemilembe.

"Mwalimu hawezi kula," nikasema. "Ni mwanamke."

"Sisi nyumbani tunakula," Kemilembe akasema, bila ubaya, akachukua. Nilimsikia akitafuna. Mpaka leo sauti ile ninayo.

Sasa nieleze nilivyofanya. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Nilikata nusu mbili huku Benigna akilia, nikabandika ya kulia upande wa kushoto. Jumatano Kemilembe akatazama, akakunja uso. "Hii imeingia ndani," alisema. "Ukuta umekuja mbele. Uso wa mtu umebonyea kama bakuli." Mujuni alishangaa, maana hakuwa amegusa skrubu hata moja. Walipotoka nje nilitazama mwenyewe. Ni kweli. Migomba iliyo nyuma ilikuwa imewapita watu, na pua ya mtu imezama kama tope lililokanyagwa. Nikachukua kisu, nikabandua, nikageuza, nikatazama. Imesimama.

Nikakaa chini na zile kadi.

Nilifikiri hivi. Yeye hawezi kujua, hana jicho la kujulia. Kemilembe akiambiwa atazame picha moja Jumatano aseme imesimama, na Jumamosi picha hiyo hiyo aseme imeingia, ataonekana nani? Ataonekana anasema chochote kinachomjia. Ataonekana mwongo, kama nilivyoonekana mimi mbele ya wazee wa kanisa lake. Mujuni atamshukuru, atamsindikiza barabarani, na sanduku litarudi Kahororo.

Basi nikawa nageuza. Si zote. Katika kadi tatu nageuza moja, na pembe ile yenye tundu la sindano naikata kwa mkasi, kipande chembamba, kiasi cha ukucha. Nilikuwa mvumilivu. Kuna usemi wa watu kwamba wivu una papara. Wangu haukuwa nayo. Mujuni alichapa nusu zile zile mara mbili, Jumatano nikabandika sawa, Jumamosi nikageuza, huku nawapikia chai.

Kemilembe alisema kila mara alichoona. "Leo imesimama." "Leo imeingia." "Hii niliiona Jumatano imesimama, sasa imeingia. Sielewi, waitu."

Nami nilingoja Mujuni amtilie shaka. Hakumtilia. Hata mara moja. Alivitilia shaka vioo vyake. Alisema labda joto la mchana linapinda mbao, labda gundi inalegea. Akavilegeza vioo vyote vinne vilivyokuwa sawa kabisa, akavipanga upya, akapiga, nami nikageuza; akavilegeza tena. Siku moja bisibisi iliteleza ikakwaruza fedha ya kioo kidogo, kutoka pembe hadi pembe. Aliketi pale kwenye kiti cha wateja, kioo kiganjani, akakipulizia kama vile mkwaruzo ungeondoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka aseme, "Huyu Kemilembe hajui atendalo." Alisema, "Mimi ndiye sijui nitendalo."

Jumatano iliyofuata Mujuni alikuwa ameenda mjini kutafuta kioo kingine. Kemilembe alikuja, nikampa kadi tatu na chai. Alitazama ya kwanza. Ya pili akakaa nayo. Akaichomoa, akaigeuza nyuma akatazama gundi, akapitisha kidole pembeni mwa picha. Kisha akaniomba mkasi. Nilimpa, ningemnyima kwa sababu gani. Akakata kadi katikati, akabadilisha vipande, akavishika kwa vidole ndani ya sanduku, akatazama.

Aliweka sanduku chini.

"Ma Anatolia," alisema, "unakata vizuri sana."

Nikauchukua mkasi wangu.

"Zimekuwa ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Vioo vyake havina kosa lolote, basi. Tangu lini?"

"Tangu ile picha yangu na mtoto."

Nje Jovitha alikuwa anaimba, anatwanga. "Unadhani mimi nakuja hapa kufanya nini?" aliniuliza.

"Ungekuwa mimi ungedhani nini? Unakalia kigoda changu. Unakula senene wangu."

"Walikuwa na chumvi nyingi," akasema, halafu kama aliyejutia utani wake, akashusha macho. "Sikiliza, ma. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekuja kubomoa nyumba yako, na watu watasema hivyo. Mwambie wewe. Nitakuja Jumamosi. Ukiwa hujamwambia, nitasema macho yangu yamechoka, nitachukua sanduku la baba na sitarudi. Vioo vyake atavitupa, hiyo itakuwa juu yako."

Akamaliza chai yake yote, akafunga sanduku kwenye kitambaa cheupe, akaenda. Ningefurahi kama angenitukana. Mtu akikutukana mnakuwa sawa.

Sasa nilikuwa nimeshinda. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya siku tatu, na Kemilembe angeondoka kwa miguu yake mwenyewe, kwa viatu vyake vya kamba. Alhamisi nilikaa kimya. Nilifua, nilitandika majani mapya sebuleni, nilimpikia Mujuni ndizi na samaki wa ziwani. Ijumaa asubuhi nilimkuta ameweka vioo vyote mezani, pamoja na kile kipya alichokipata mjini, anavifunga kimoja kimoja kwenye gazeti.

"Vinaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa fundi wa fremu, atavitumia. Jumatatu tunakwenda kwenu Buganguzi. Baba yako nilimwahidi picha ya kusimama. Nitampiga ya kulala kama watu wote." Alikuwa anafunga kwa makini, anakunja pembe za gazeti, na kwa kuwa upande ule hana jicho hakuona kwamba kipande kimoja kimemkata kidole na damu inaingia kwenye karatasi. Mimi niliona.

Nikasema, "Vioo ni vizima. Nilikuwa nageuza kadi."

Aliendelea kufunga kidogo, kama mtu ambaye neno halijamfikia. Kisha akaacha.

"Unageuza vipi?"

Nikamweleza. Nilimweleza na tundu la sindano, na jinsi nilivyolikata. Nilimweleza kwa nini, ingawa hakuuliza. Nilingoja anipige, kwa sababu wanaume wa siku zile walipiga kwa makosa madogo kuliko hilo, au aniambie nikusanye vitu vyangu ninobe, ndivyo tunavyosema kwetu mke akirudi kwao. Nilikuwa nimeshawaza nitamwambia nini mama. Yeye alijifuta kidole kwenye suruali.

"Zile saba za mwanzo uliniambia zimesimama, hazikusimama," alisema. "Hizi zilizosimama, ukazigeuza. Kuna hata moja uliyowahi kuniambia kama ulivyoiona?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa kweli, nikirudi nyuma kadi kwa kadi. "Hakuna," nikasema.

"Basi," akasema, akaanza kuvifungua vioo kutoka kwenye magazeti.

Jumamosi Kemilembe alipokuja, Mujuni alimwambia mbele yangu, kwa maneno machache, kosa limepatikana, lilikuwa kwenye kubandika. Kemilembe alinitazama mara moja akasema vizuri. Sikumpenda zaidi kwa hilo. Alituachia sanduku tuwe nalo wiki nzima, kwa ruhusa ya baba yake.

Jumatatu tulipanda lori hadi Muleba, tukatembea hadi Buganguzi, Mujuni na kamera, mimi na mtoto. Baba yangu Karugendo alikuwa amevaa kanzu na koti na kofia yake nyeusi, amekaa mbele ya mibuni, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa na pumzi fupi mwaka ule. Alipoona kijisanduku kimewekwa mbele ya lenzi alisema, "Mkwe, hiyo kamera yako imevaa miwani? Nayo imezeeka?" Mujuni akacheka, na hapo hapo akabonyeza.

Tuliporudi Rwamishenye alisafisha mwenyewe, akachapa mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane akakata na kubandika mwenyewe. Alikata vibaya, kingo zimepinda kama njia ya mbuzi. Nilikaa mikono mapajani. Alichomeka kadi, akaniletea sanduku uani.

Hakuniuliza kama imesimama. Aliuliza, "Unaona nini?"

Nilitia macho. Nikachukua muda wangu. "Fimbo ndiyo ya mbele kabisa," nikasema. "Ncha yake imetoka, nusura iniguse. Nyuma ya fimbo kuna goti la kushoto. La kulia limerudi nyuma kidogo, kama upana wa kiganja. Halafu mikono. Kidole gumba kiko juu ya vingine, kina ukucha uliopasuka. Kifua kiko mbali na mikono, koti limefunguka, ndani kuna giza. Uso umetoka. Mashavu yameingia, lakini yameingia kwa sababu amekonda, si kwa kugeuzwa. Nyuma yake pana nafasi, mtoto angeweza kupita. Kisha mibuni, tawi moja limekuja karibu na sikio, mengine yamebaki nyuma. Upande wa kulia kabisa, pale ulipobandika, kuna mstari mweupe, picha imekatwa vibaya."

Mujuni alisikiliza amefumba jicho lake zima. Nilipomaliza aliichomoa kadi, akaitia kwenye bahasha, akachukua sanduku na kofia yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kahororo."

Nilimtazama akiteremka barabarani mpaka akapinda. Kama kuna mtu aliyewahi kuniambia wivu hupungua ukisema kweli, mtu huyo alinidanganya. Nilichambua mchele ule ule mara tatu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, alirudi. Alitundika kofia, akaweka sanduku mezani. "Amesema fimbo iko mbele," aliniambia. "Goti la kulia liko nyuma ya la kushoto. Nafasi nyuma ya mgongo, mtoto angepita. Tawi karibu na sikio."

"Nilisema hivyo."

"Ulisema hivyo."

Nikapakua chakula. Lakini mimi najijua, sikuweza kuacha. "Na nini kingine alisema?"

"Alisema kuna nzi kwenye kofia ya baba yako. Wewe hukuniambia habari ya nzi."

Niliacha sahani. Nilichukua sanduku na kadi nikaenda mlangoni penye mwanga uliobaki. Nzi alikuwepo kweli, juu ya ukingo wa kofia, mdogo, mweusi zaidi ya kofia. Nilihisi moto masikioni. Nikaendelea kumtazama, na kadiri nilivyomtazama alikuwa anametameta, hatulii, mara yuko kwenye kofia, mara yuko hewani. Kitu cha kweli katika picha zile hakifanyi hivyo. Kitu cha kweli kinakaa mahali pake. Nikafumba jicho la kulia, nikamwona. Nikafumba la kushoto, hayupo. Nikarudia mara tano.

"Baba Benigna, si nzi," nikasema. "Yuko kwenye nusu ya kushoto peke yake. Ya kulia ni safi. Angekuwa nzi, vioo vyote viwili vingemwona. Ni vumbi lililokaa juu ya filamu ulipopiga."

Aliinuka akaenda ghalani na filamu yake, akaitazama kwenye taa. Alikaa humo. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa, na mdomo wake ulikuwa karibu na kicheko kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

"Ni vumbi," akasema. "Kesho sanduku linarudi kwa wenyewe. Lipeleke wewe, ukamwambie mwenyewe."

Kesho yake nilimfunga Benigna mgongoni, nikavaa gauni la kanisani, nikashuka hadi Kahororo na sanduku kwenye kitambaa chake cheupe. Kemilembe alikuwa anafagia uani. Hata sikukaa. Nilimpa kadi, nikamwambia afumbe jicho moja, kisha jingine. Alifanya. Akafanya tena, amekunja uso vile vile.

"Ni vumbi," akasema mwisho.

"Umesemaje, mwalimu? Mtoto analia, sikusikia."

Benigna alikuwa amelala fofofo. Kemilembe alimtazama, akanitazama mimi, akaegemeza ufagio ukutani.

"Nimesema ni vumbi, ma Anatolia. Umeona vizuri kuliko mimi," alisema, akaniletea kigoda.